Walimu wa Kiingereza Tuliofunga Milango

Kabula mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia uchemshe maji ya kunywa, uandike jina kwenye mabegi, na michembe, viazi vyetu vikavu, usiile yote njiani. Mimi hayo nayapita. Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, nyumba imetulia, nami nimekaa uwani na karatasi hizi nikijifanya nasahihisha majaribio ya wanachuo. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini nakujua. Ungenikatiza kwenye sentensi ya pili, mimi ningekasirika, na kesho alfajiri ungepanda basi tumenuniana.

Jumapili tukiwa mezani uliniuliza swali na sikukujibu. Ulisema Mwalimu Mwanaidi, mkuu wa idara ya Kiingereza kwenye chuo ulichopangiwa huko Tanga, amekupigia simu na kukupa chumba nyumbani kwake mpaka utakapopata pa kupanga. Ukasema, "Baba, anasema mlifundisha wote hapa Bariadi. Nikae kwake au nisikae?" Mimi nikaomba chumvi. Mama yako akanitazama, nawe ukamtazama mama yako, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Swali lako ni dogo kwa mtu asiyejua historia ya idara yetu. Mwaka juzi mkuu wa chuo aliniomba niiandike historia hiyo isomwe kwenye mahafali, kwa kuwa kati ya walioianzisha nimebaki kazini mimi tu. Niliandika ukurasa mmoja: vyumba tulivyohamia, majina ya wakuu wa idara, shukrani kwa Serikali. Watu wakapiga makofi, wageni wakapewa soda. Hakukuwa na uongo kwenye ukurasa ule, ila yaliyotokea hasa niliyaacha nje. Nakuandikia wewe sasa, maana jibu la swali lako limo humo.

Tulianza watu watatu ndani ya stoo ya magodoro. Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Petro, aliyeletwa kutoka Kagera, mtu nadhifu, shati jeupe hata wakati wa vumbi. Wa pili alikuwa Mwalimu Ngassa wa Lingeka, kule Meatu, mtu wa ng'ombe na utani. Wa tatu mimi, mtoto wa mkulima wa pamba wa Nkoma, niliyekutana na Kiingereza nimeshakuwa mkubwa, na tangu siku hiyo nikawa naogopa kwamba kitaniaibisha mbele za watu. Mwanzoni tulipendana kweli. Tuliazimana vitabu, tulikula pamoja, na mmoja akiumwa mwenzake alimshikia kipindi.

Kisha akaja mkaguzi. Alifika asubuhi, hakuuliza njia, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye darasa la Ngassa na kusimama dirishani. Ngassa alikuwa anaeleza somo la Kiingereza kwa Kisukuma, kwa sababu wanachuo wengi walitoka vijijini na alikuwa ameona machoni mwao kwamba hawajaambulia kitu. Mkaguzi alimsema ofisini, mbele yetu, mpaka chai ikapoa. Akaondolewa kwenye madarasa ya mwaka wa mwisho. Gari la mkaguzi lilipoondoka, Ngassa alituuliza jambo moja tu: "Nani alimwambia pa kwenda?"

Hatujajua hadi leo. Ngassa alinishuku mimi. Mimi nilimshuku Petro. Petro, kwa jinsi alivyoanza kwenda nyumbani na funguo za kabati la vitabu, nadhani alitushuku wote wawili. Na wewe ukifika hapa najua umeshajiuliza, kwa hiyo nikujibu kabisa: sikuwa mimi.

Kuanzia wiki ile kila mmoja alifundisha akiwa amefunga mlango. Joto la hapa unalijua, bati kichwani, watu wamebanana kwenye madawati, na mlango umefungwa kwa komeo. Madirisha ya upande wa barazani tukayabandika magazeti, tukasema ni kwa ajili ya jua. Walimu wa Hisabati walitucheka, wao walikuwa wanaingiliana madarasani kama watu wanaoazimana jembe.

Likafuata jambo jingine ambalo ukimsimulia mtu wa nje hatakuamini. Tuliacha kuzungumza Kiingereza sisi kwa sisi. Idara nzima ya Kiingereza inakunywa chai kwa Kisukuma, ambacho hata Petro alishajifunza, inafanya vikao kwa Kiswahili, na Kiingereza kinatoka pale tu mlango ukishafungwa na mbele yako wapo watu wasio na cheo cha kukusahihisha. Kila mmoja aliamini wenzake wamenyamaza ili wayahesabu makosa yake. Wanachuo walitutania kwamba ukitaka kusikia habari za mnada wa ng'ombe, nenda ukasimame nje ya ofisi ya Kiingereza.

Usidhani nasema kushuku ni ugonjwa. Babu yako kule Nkoma, msimu wa kuuza pamba, hakuweka gunia kwenye mizani kabla hajasimama juu yake mwenyewe. Uzito wa mwili wake aliujua. Mizani ikisema vingine, alijitwisha gunia lake akarudi nyumbani, na wanunuzi walimchukia kwa hilo, na sisi hatukulala njaa. Mimi nimelelewa hivyo na simlaumu. Nilikosea nilipotaka kuwapima watu kwa namna ile ile. Mizani utaijaribu kabla ya kuitumia, lakini mtu itakubidi ukae naye kwanza, na mimi kukaa naye ndiko nilikokukataa.

Ndipo akaletwa Mwanaidi. Wewe ulikuwa unatambaa. Alifika na mabegi mawili na mtandio kichwani, na Kiswahili chake cha Tanga kilikuwa kinateleza mpaka mama yako akawa anamchokoza aongee tu amsikilize. Siku ya kwanza alituamkia sote kwa Kiingereza. Tukamwitikia kwa Kiswahili. Siku ya pili akaongea tena Kiingereza, akakosea, akajicheka, akarekebisha, akaendelea na chai yake. Tulimtazama kama mtu aliyevua viatu kanisani.

Ngassa alinivuta nyuma ya jiko la chuo. "Ngosha," akaniita kama wanaume wa Kisukuma tunavyoitana, "huyu ametumwa."

"Umejuaje?"

"Mtu hawezi kukosea kwa raha namna ile kama hana kazi nyingine."

Kwangu hoja hiyo ilikuwa imekamilika. Na kabla wiki haijaisha Mwanaidi alinijia mezani. "Mwalimu, nakuomba kesho nikae nyuma ya darasa lako."

"Kwa nini?"

"Nione unavyofundisha."

"Uone ili iweje?"

"Nione tu jamani! Kwani kuna ubaya?"

Hiyo "nione tu" ndiyo iliyonimaliza. Hakuna mtu anayeomba kuona tu. Lakini kumkatalia kungekuwa kukiri kwamba kuna kitu naficha, kwa hiyo nikasema karibu, na usiku ule nilijigeuza kitandani mpaka mama yako akahamia kwako. Kesho yake Mwanaidi aliingia, akakaa nyuma. Nilifunga mlango, nikaandika ubaoni kichwa cha habari, nikawaambia wanachuo waandike insha. Kimya. Vipindi viwili vyote, insha. Mimi nilitembea katikati ya madawati mikono nyuma, na Mwanaidi alikaa kule nyuma na kalamu yake mkononi, akisubiri nifundishe. Kengele ilipogongwa alinishukuru kwa adabu, akatoka.

Nilijiona mjanja sana. Nilipomsimulia Ngassa aliniomba nirudie. Mwanaidi alipokwenda kwake, naye akatoa insha. Kwa Petro, insha. Ikawa ndiyo kawaida ya idara: mtu akiingia nyuma ya darasa, awe nani, wanachuo wanaandika kimya mpaka atoke. Tulikuwa na mizigo mikubwa ya insha za kusahihisha kuliko idara yoyote, na tulinung'unika kwamba chuo kinatuonea. Ucheke tu, Kabula. Mimi pia sehemu hii hucheka, halafu namkumbuka Minza.

Minza alikuwa mwanachuo wangu wa mwaka wa mwisho, binti wa Bukundi, mpole, anasikiliza mpaka unajisikia una maana. Muda wa mazoezi ya kufundisha ulipofika alipangiwa shule ya karibu na kwao, na mimi na Mwanaidi tukapangwa gari moja kwenda kuwapima wanachuo wa upande ule wa Meatu. Safari nzima alinieleza habari za mama yake na bei ya nazi. Mimi nilijibu "ee" na "kumbe," na moyoni najiuliza nani kapanga sisi wawili tukae gari moja.

Tulimkuta Minza mbele ya darasa lake amependeza, zana zake za kufundishia amezichora kwa rangi na kuzitundika ukutani. Tulikwenda kukaa nyuma. Alituona, akasita, akauendea mlango akaufunga. Kisha akafuta alichokuwa ameandika ubaoni, akawaambia watoto watoe madaftari waandike insha. Kimya. Alitembea katikati ya madawati mikono nyuma, kipindi kizima, na alipopita karibu yangu alinitazama kama anayesubiri nimsifu. Zile zana zilibaki ukutani bila kuguswa.

Nilikuwa najitazama mimi mwenyewe ndani ya gauni la kitenge.

Nje ya darasa Mwanaidi aliniambia, "Huyu binti anajua kufundisha, tazama zana zake. Tusimhukumu kwa hili. Korongo limejaa, leo hatuvuki. Tulale hapa kwa mwalimu mkuu, kesho tumwone tena."

Kabula, lilikuwa jambo jema na lilikuwa rahisi. Lakini mimi nilisikia mtego. Utaratibu ulikuwa somo moja, wapimaji wawili, alama moja. Nikaona wazi: nikikubali, atakwenda kusema nimevunja utaratibu ili kumbeba mwanafunzi wangu. Nikamwambia, "Utaratibu ni utaratibu." Tulilala pale pale Bukundi hata hivyo, kwa sababu ya korongo, na asubuhi shule ilikuwa ng'ambo ya uwanja, watoto wanaimba, na sikwenda. Minza alifeli. Alitakiwa kurudia mwaka uliofuata, baba yake akasema amesoma vya kutosha. Nilikuja kusikia ameolewa. Sikuwahi kumwambia kwamba alifanya kama nilivyomfundisha, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, linaniuma kuliko chochote nilichofanya kwenye kazi hii.

Baada ya hapo Mwanaidi aliomba kikao cha idara. Alisimama akasema tuanze kutembeleana madarasani, kila mmoja kwa mwenzake, tusaidiane, bila alama wala ripoti. Petro akauliza nani anaunga mkono. Ngassa alitazama dari. Mimi nilitazama viatu vyangu. Petro akasema hoja haikupita, tuendelee na mengineyo. Mwaka ulipoisha Mwanaidi aliomba uhamisho kurudi kwao, na siku anaondoka mama yako peke yake ndiye aliyemsindikiza stendi, na wewe mgongoni.

Petro amefariki. Ngassa amestaafu, yuko Lingeka na ng'ombe zake, tukikutana tunasalimiana vizuri na hatuzungumzii idara. Siku hizi tuna jengo jipya na vijana wenye digrii, wanavaa vizuri, wanachekeana. Lakini pita barazani utaona milango. Hata wao wamefunga, na hawajui kwa nini, walitukuta sisi tunafunga. Tuna kundi la WhatsApp la idara ya Kiingereza, na Kiingereza pekee kilichowahi kuandikwa humo ni "Noted."

Sasa unaelewa kwa nini niliomba chumvi. Tangu Jumapili nimeligeuza hili jambo kila upande. Labda anataka kukuonyesha kwa wenzake, kwamba huyu ndiye mtoto wa yule. Labda anataka ukae ndani kwake ili aujue udhaifu wako mapema. Labda anatafuta wa kumwoshea vyombo. Kwa nini akukumbuke wewe, katika waajiriwa wapya wote? Kwa nini chumba, na si salamu tu? Mama yako aliniambia, "Wewe ukifika mbinguni utaomba kitambulisho cha malaika." Sikucheka.

Leo asubuhi ulipokwenda kusuka nilimpigia. Nilimtajia jina langu. Akaitikia, "Mwangaluka, baba." Salamu yetu ya asubuhi, baada ya miaka yote hii, na kaitamka vizuri. Nikaishuku hata hiyo.

Sikuzunguka. "Mwanaidi, ulipokuja kwetu, nani alikutuma?"

"Kunituma wapi?"

"Kukaa nyuma ya madarasa yetu."

Akaangua kicheko, kicheko kile kile cha chumba cha walimu. "Lo! Kumbe ndivyo mlivyodhani? Mwalimu, mimi nilitoka shule ya msingi. Watu wazima nilikuwa sijawahi kuwafundisha. Kila asubuhi nikifika kwenye darasa langu natamani nirudi kwa mama yangu. Nikawauliza wanachuo, nani hapa anafundisha vizuri? Wakanitajia wewe. Nikaja kwako kujifunza kazi, nawe ukanikalisha nitazame watu wakiandika insha."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Kila nikifungua mdomo, nyie mwatazamana."

Nilimuuliza kwa nini anakupa chumba. Alisema anakumbuka alivyofika Bariadi hana mtu, na mwanamke mmoja tu akamletea uji, na mwanamke huyo ni mama yako. Basi. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Nikiwa mkweli, sijui kama nimeiamini yote. Nimekaa nayo mchana kutwa nikiitafutia tundu. Lakini nimejiuliza kitu ambacho nilipaswa kujiuliza zamani: hata kama angekuwa ametumwa na wakaguzi wote wa nchi hii, ningepungukiwa nini kama ningefundisha siku ile? Nilikuwa nimeandaa somo zuri, Kabula. Lilikuwa mfukoni.

Utafika huko mgeni, utatamani kurudi kwa mama yako kama yeye alivyotamani, na utaona aibu kusema. Utadhani walimu wenye uzoefu wakinyamaza wanakupima. Wengine watakuwa wanakupima kweli, sikufichi, dunia ina watu wa hivyo na jicho lako usilifumbe. Ila wengi watakuwa wamekaa kimya kwa sababu na wao wanaogopa, kama sisi watatu tulivyoogopana ndani ya stoo, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mkubwa. Natamani mtu angeniambia hivyo nikiwa na umri wako. Pengine nisingemwamini.

Jibu langu ni hili: kaa kwake. Kama kuna ubaya utauona, nawe una akili na una nauli ya kurudi. Kama hakuna, utakuwa umepata mwalimu ambaye mimi nilimkataa.

Kabla hatujaagana aliuliza atakutambuaje stendi, maana picha za simu hazisemi ukweli. Nikamwambia wewe ni mrefu, umesuka, na rangi umechukua yangu. Kisha kwa utani nikaongeza kwamba yeyote atakayekusogelea utamtazama kama mwizi.

"Basi nitamjua tu," alisema. "Macho hayo nilikaa nayo mwaka mzima."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana nilibaki nimeshika simu, yeye amekwisha kukata.

Ukishuka kwenye basi, mwanangu, begi lako lishike mwenyewe. Lakini ukimwona yule mama anakuja, tabasamu wewe kwanza.

Baba yako